Ustawi wamechukua wanangu, hakuna anayeniambia kitu. Nikalalamike wapi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa kijijini mkoa wa Mtwara. Jina la kijiji na la wilaya naomba nisitaje. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 9, yupo darasa la tatu. Mdogo ni wa kike, ana miaka 5. Baba yao aliondoka kwenda kutafuta maisha upande wa Tunduru, akaoa huko huko, matumizi hatumi. Nawalea kwa korosho na vibarua. Msimu wa mabibo nauza na uraka, pombe ya mabibo, hilo silifichi, kijiji kizima kinajua.

Mwaka huu wezi wa korosho wametuzidi. Wanaingia shambani usiku wanaokota, asubuhi ukifika chini ya mikorosho pameshasafishwa. Nikaona bora niwe nalala shambani kwenye kibanda. Watoto nikamwachia mdogo wangu, ana miaka 14. Siku moja kulikuwa na ngoma kijiji cha jirani, akaenda, akawaacha peke yao. Yule mdogo akawa analia njaa, kaka yake akawasha moto amkorogee uji. Mtoto akavuta sufuria, uji ukammwagikia mkono na kifua. Majirani ndio waliomkimbiza zahanati, mimi nikafuatwa shambani kwa bodaboda.

Nesi aliniuliza maswali mengi, nikamjibu. Baada ya siku chache akaja afisa ustawi wa jamii na mtendaji wa kijiji na mgambo mmoja. Wakaandika, wakaangalia ndani, wakasema watoto wapo kwenye hatari na wanaondoka nao. Nikauliza wanakwenda wapi, nikajibiwa "sehemu salama." Nikauliza mpaka lini, nikajibiwa "utaitwa." Sikupewa karatasi, sikusaini chochote. Waliondoka kwa haraka hata dawa ya kumpaka mtoto ikabaki dirishani, na madaftari ya mkubwa yakabaki juu ya kabati.

Sasa unakaribia mwezi wa pili. Ofisini nimekwenda mpaka walinzi wananijua. Mara afisa yupo semina, mara gari halina mafuta, mara faili halionekani. Kuna kijana mmoja pale alinifuata nje akaniambia nitoe hela ya mafuta ili "wakaniangalizie" watoto. Na siku niliyomkuta afisa mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi, akaniambia, "Wewe mama muuza pombe, watoto unawatakia nini?" Nililia njia nzima kurudi.

Kaka yangu, mjomba wa watoto, amepandwa na hasira. Anataka twende tukawatafute mpaka tuwapate tuwatoe kwa nguvu, au aende kwa mbunge, au tuweke picha zao kwenye magrupu ya WhatsApp ili watu wajue. Jirani yangu anasema mtoto wa chini ya miaka 7 ni wa mama kisheria, hakuna mwenye ruhusa ya kumchukua. Wengine wananishauri ninyamaze, eti ukiwalalamikia watu wa ustawi wataniandikia mabaya kwenye faili na watoto sitawaona tena.

Najua na mimi watanisema niliacha watoto. Lakini hivi walivyonifanyia ni haki? Nilalamike wapi, na nikilalamika nitawakosa wanangu?

Mama wa wawili, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa mtoto kuungua, na pole zaidi kwa wiki zote hizi za kutojua wanao wanalala wapi. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mikoa hii ya kusini mpaka nikastaafu. Nimekaa upande ule wa meza, na yale ninayokuandikia nayajua kutokea ndani.

Ndiyo, lalamika. Una haki hiyo, na kwa hali uliyonieleza nadhani ni wajibu wako kwa watoto. Ila kabla hujashika kalamu, kuna swali moja inabidi ulipatie jibu, maana ndilo litakaloamua ugonge mlango upi. Hao watoto wapo huko waliko kwa amri ya mahakama, au kwa neno la afisa peke yake?

Nikueleze kwa nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa afisa ustawi uwezo wa kufuatilia taarifa, kumwita mzazi, kuingia nyumbani na kuona hali ilivyo. Mtoto akiwa hatarini, anaweza kuondolewa pale haraka. Mimi mwenyewe nimeshawaondoa watoto usiku nikiwa na askari, na sijutii. Lakini kumweka mtoto nje ya kwao mwezi baada ya mwezi si uamuzi wa afisa. Huo ni wa hakimu. Afisa anapeleka maombi Mahakama ya Watoto, hakimu anasikiliza pande zote, kisha akiona inafaa anatoa amri ya matunzo, yaani mtoto anakuwa chini ya uangalizi wa ustawi kwa muda. Au anatoa amri ya usimamizi, ambapo mtoto anabaki nyumbani kwa mama yake na afisa anakuwa anamtembelea kuona anavyoendelea. Mzazi ana haki ya kusikilizwa kabla ya amri, na hali ikibadilika anaweza kurudi kwa mahakama ile ile kuomba amri iondolewe.

Wewe hukuitwa, hukupewa hati, huna namba ya shauri. Inawezekana amri ipo na hakuna aliyejisumbua kukueleza. Inawezekana haipo kabisa. Kama ipo, ukiandika malalamiko kwa mkurugenzi hata kurasa kumi, hayatafuta amri ya hakimu. Ya amri unayapeleka mahakamani, na ya mwenendo wa watumishi unayapeleka kwa waajiri wao. Kama haipo, basi hapo ndipo penye uzito wote wa malalamiko yako. Tusi la afisa, faili lisiloonekana, safari zako za bure, vyote vinakuja baada ya hilo.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza wiki hii isiwe ofisi ya ustawi. Nenda mahakama ya wilaya, muulize karani kama kuna shauri la Mahakama ya Watoto lenye majina ya wanao. Nenda na kadi zao za kliniki au vyeti vya kuzaliwa, na kitambulisho chako. Mashauri haya yanasikilizwa faragha na hawatoi habari kwa kila anayepita, lakini wewe ni mzazi.

Kuhusu yule nesi, naomba hasira yako na ya kaka yako isimfikie. Sheria inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anaumia au haki zake zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali yake ya mtaa au kijiji. Mtumishi wa afya aliyeona mtoto wa miaka 5 ameletwa na majirani usiku, ameungua kifua, mama hayupo, hakuwa na njia nyingine. Angenyamaza, mimi ningemlalamikia yeye.

Na lile la jirani yako, nimelisikia tangu naanza kazi. Limetoka kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inasema mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo. Hiyo ni pale baba na mama wanapogombea mtoto. Haimzuii ustawi kumlinda mtoto aliye hatarini. Ukiingia nayo ofisini kama ngao, watajua hukupata ushauri mzuri na watakusikiliza nusu nusu.

Sasa barua. Ndiyo, iwe barua. Maneno ya mdomo ofisini hayaachi alama yoyote, na hilo umeshaliona. Iandikie kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, kwa sababu yeye ndiye bosi wa maafisa ustawi wa halmashauri yake. Hakikisha ni halmashauri yenyewe. Mkoa wetu una halmashauri tisa, na Masasi na Newala kila moja ina mbili, ya mji na ya wilaya. Nimeona barua ikizunguka wiki nzima kati ya majengo mawili kwa kosa hilo tu. Kama kuandika ni kazi, mtafute mwalimu au msaidizi wa kisheria akuandikie, lakini maneno yawe yako. Iwe fupi, mfano hivi:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU WATOTO WANGU WAWILI KUONDOLEWA NYUMBANI BILA MAELEZO YA MAANDISHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa [majina na umri]. Tarehe [fulani] afisa ustawi wa jamii akiwa na mtendaji wa kijiji aliwachukua watoto wangu nyumbani, baada ya mdogo kuungua na uji. Sikupewa hati yoyote wala kuelezwa walikopelekwa. Nimefika ofisini tarehe [hizi na hizi] bila kupata maelezo.

Naomba ofisi yako inijulishe kwa maandishi watoto wako wapi na wanalelewa na nani. Kama ipo amri ya mahakama, naomba nakala na namba ya shauri. Naomba kujua ni lini nitawaona, mtoto wa kike anatibiwa wapi, na wa kiume anasoma shule ipi. Naomba pia nipangiwe siku ya kikao cha kujadili masharti ya kurejeshewa watoto.

Tarehe [fulani], mbele ya watu waliokuwa wakisubiri huduma, afisa husika aliniambia [maneno yenyewe]. Naomba suala hilo lishughulikiwe."

Umeona ilivyo? Tusi limepewa aya moja, tena mwishoni. Najua ndilo linalokuuma kuliko yote, na nakubaliana na wewe, mtumishi wa umma hana ruhusa ya kumvunjia mama heshima mbele ya watu. Lakini barua inayoanza na tusi inageuka kuwa ugomvi wa watu wawili, na mkurugenzi atawaita mpatane, mtapeana mikono, mtarudi nyumbani na watoto bado hamjui walipo. Barua inayoanza na watoto inamlazimisha atafute faili. Na kila ombi humo ni kitu kinachojibika. "Natafuta haki" halijibiki. "Mtoto wangu anasoma shule ipi" linajibika, na ofisi ikishindwa kulijibu, itakuwa imejieleza yenyewe.

Toa nakala mbili. Peleka masjala, usimpe mtu mkononi kwenye korido, na usitumbukize kwenye sanduku la maoni. Mwombe mhudumu wa masjala agonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako. Akisema haina haja, mwambie kwa upole kwamba wewe unayo haja. Usiondoke bila muhuri. Ukishapata, ihifadhi sehemu isiyoingia mvua. Kisha tafuta ubao au karatasi yenye mkataba wa huduma kwa mteja, kwa kawaida hubandikwa karibu na mapokezi, humo wameandika wenyewe watajibu barua kwa muda gani. Muda huo ukipita, unaandika kumbusho la mistari mitatu na kulipigisha muhuri vile vile.

Nikwambie jambo ambalo watu wa nje hawalijui. Faili lililopotea huwa halijapotea. Mara nyingi liko chini ya mafaili mengine mezani kwa mtu mmoja mwenye kata nyingi na asiye na usafiri. Maafisa ustawi ni wachache sana ukilinganisha na watoto wanaowahitaji, na hilo ni kweli, si kisingizio cha kutunga. Linaeleza kwa nini amechelewa kuja kukuona. Halielezi kwa nini hukupewa karatasi, na wala halielezi lile neno alilokutamkia. Nimeona faili likitoka chini likaja juu kwa sababu moja tu, kuna barua yenye muhuri ambayo mkurugenzi ameandika pembeni "nijulishe."

Ya kijana wa hela ya mafuta usiichanganye kwenye barua hii. Hilo ni la TAKUKURU, namba 113, hulipii kupiga. Waeleze siku, mahali, maneno aliyotamka na kama kuna aliyesikia. Usimpe pesa hata kidogo, na usijaribu kumtega mwenyewe, hiyo ni kazi yao. Huduma ya kumlinda mtoto haiuzwi. Mama mwenzio akishatoa elfu kumi ya kwanza, wiki ijayo ataambiwa na tairi.

Mkurugenzi asipojibu, au akijibu kwa maneno matupu, panda mkoani. Andika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mtwara, ueleze kwamba unaomba suala lako lifikishwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa, na uambatishe nakala zote zenye mihuri. Pale kuna mtu ambaye kazi yake ni kuwasimamia kitaalamu maafisa wa halmashauri. Huko nako wakilala, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hii imeundwa kwa mujibu wa Katiba na ilianza kwa sheria ya mwaka 2001, kazi yake mojawapo ni kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Sisi wa kusini tuna bahati, wana ofisi Lindi, huna haja ya kufunga safari ya Dodoma. Hawatozi kitu, na hata ukifika ukaeleza kwa mdomo wanakuandikia. Lakini hawaingilii jambo lililoko mahakamani, ndiyo maana nilianza na swali lile la amri. Usitume kwa wote siku moja. Watu hufanya hivyo kwa uchungu, kisha kila ofisi inasubiri mwenzake ajibu.

Wakati haya yakiendelea, piga 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, bure kwa mitandao ya hapa nchini. Wengi wanadhani ni ya kuripoti ukatili tu. Waeleze kwamba wanao wameondolewa na hujui walipo, na kwamba mmoja ana jeraha la moto. Wana mawasiliano na maafisa ustawi wa halmashauri, na wanaweza kuuliza kwa niaba yako. Jeraha hilo linanitia wasiwasi, nikiri. Mtoto aliyeungua kifua anahitaji kuonwa mara kwa mara, kovu la kifuani na la kwenye kiungo cha mkono huvuta ngozi anapokua. Kwenye kila ofisi utakayofika, swali la matibabu yake liwe la kwanza kutoka mdomoni mwako.

Msaidizi wa kisheria nimemtaja juu juu, nirudi kwake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hawa, na msaada wao kwa asiye na uwezo ni wa bure. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya yako watakuelekeza walipo. Kama amri ya mahakama ipo, usiingie kwa hakimu peke yako.

Sasa kaka yako. Kwetu kusini, mjomba si ndugu wa pembeni. Kwa Wamakonde na Wayao mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba lina nguvu kwenye ukoo. Nataka nguvu hiyo itumike, ila si kwenye kuvunja mlango. Akienda kuwachukua watoto kwa nguvu, kesho yake polisi watakuwa kwake, na watoto watakuwa wameona vurugu nyingine juu ya ile ya kwanza. Akiweka picha zao kwenye magrupu, atakuwa amewatangaza wilaya nzima kuwa ni watoto walionyang'anywa mama mlevi, maana ndivyo watu watakavyosimulia, na hao watoto watarudi shule na jina hilo. Mbunge si mwajiri wa afisa ustawi wala si hakimu. Kama anataka kumwendea diwani, sawa, diwani anakaa kwenye baraza la madiwani na anaweza kumuuliza mkurugenzi, ila aende na nakala ya barua, asiende na kelele.

Lililo kubwa ambalo kaka yako anaweza kufanya ni kujitokeza kama mlezi. Kumpeleka mtoto kwenye makao au kwa familia isiyo ya kwao inatakiwa iwe hatua ya mwisho, baada ya kutazama ndugu. Je, kuna aliyewatazama ndugu zako? Kwenye barua hamna. Basi mjomba aandike na yeye, ukurasa mmoja, kwamba yupo tayari kuwapokea watoto kwake na mkewe mpaka mambo yatengemae, aeleze anaishi wapi na shule iliyo karibu ni ipi. Hiyo inampa hakimu au mkurugenzi njia ya kupita bila kuonekana ameshindwa. Huko ofisini mtu akipewa njia ya namna hiyo, huishika.

Umeniuliza kama watakulipizia kisasi. Sitakudanganya kwamba haitokei, kuna watu wadogo wa roho kila ofisi. Lakini mwanangu, mama asiyelalamika ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi. Barua yenye muhuri ni kinga, kwa sababu baada ya tarehe hiyo kila watakachoandika juu yako kitasomwa na mtu mwingine pia. Kulalamika si ushahidi kwamba wewe ni mzazi mbaya. Nunua daftari dogo, andika kila unapofika, umeonana na nani na amesema nini. Nenda umevaa vizuri, zungumza taratibu, hata na yule aliyekutukana.

Halafu lipo la nyumbani, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nawapenda hao watoto bila kuwaona. Barua yako ina mstari mmoja tu juu yake, "watanisema niliacha watoto." Mahakamani watakusema kwa kirefu. Mdogo wako wa miaka 14 naye ni mtoto kisheria. Hawezi kuwa mlezi wa usiku, na wala si yeye wa kulaumiwa kwa kupenda ngoma kama wenzake. Wezi wa korosho ni tatizo la kweli, na korosho ndiyo ada, ndiyo sare, ndiyo bati, najua. Lakini kabla afisa hajarudi kukagua, na atarudi ukishaandika, uwe na jibu la nani mtu mzima analala na watoto mpaka msimu uishe. Mama mkwe wa kaka yako? Shangazi mtu? Kugawana zamu ya shamba na jirani, wiki hii wewe, ijayo yeye, na watoto wote wanalala nyumba moja yenye mtu mzima? Vijiji vingi vinapanga sungusungu ya mashamba msimu ukipamba moto, mwombe mwenyekiti aipange. Na jiko la mafiga lililo usawa wa mkono wa mtoto, liinue au lizungushie kizuizi. Kuhusu uraka, kuuza mabibo yaliyotoka kwenye mikorosho yako hakukufanyi mama mbaya, lakini walevi wasikae uani kwako usiku watoto wakiwepo, na kama kuna nipa, ile pombe kali ya kukeneka, ndani ya nyumba hiyo, itoke leo.

Haya usinieleze mimi. Mweleze mwenyekiti wa kijiji, uombe kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji ije ione nyumba na iandike ilichokiona. Kamati hizo zipo kwa mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule mnaouita MTAKUWWA, na muhtasari wao ukiambatishwa kwenye barua yako ya pili unazungumza kuliko wewe.

Siku watakayokuruhusu kuwaona, usiwaahidi kwamba kesho mnarudi nyumbani kama hujui. Mtoto wa miaka 5 atahesabu usingizi, na ukikosea hatakuamini tena. Mkubwa mkalishe pembeni. Huyo ndiye aliyewasha moto, na nina hakika tangu siku ile anadhani wamechukuliwa kwa sababu yake. Mwambie alitaka kumlisha mdogo wake, na kwamba kazi hiyo haikuwa yake. Sheria inampa haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu, na hakimu anaweza kumuuliza anataka kukaa wapi. Usimfundishe cha kujibu, watajua.

Mtendaji wa kijiji alikuwepo siku watoto wanachukuliwa. Kabla hujaenda mjini, mwombe aandike tarehe, walioshiriki na kilichofanyika siku ile, agonge muhuri wa kijiji. Akigoma, andika kwenye daftari lako kwamba umemwomba tarehe fulani na amegoma, kisha nenda mahakamani hivyo hivyo.

Shangazi